John Kilaka

John Kilaka (alizaliwa mwaka 1966) ni mchoraji, mwandishi na msimulizi wa hadithi kutoka nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa vitabu vya picha vya watoto, ambavyo huviandika na kuvichora yeye mwenyewe kwa mtindo wa Tingatinga. Vitabu vyake vitatu vinavyofahamika zaidi kimataifa vilitolewa kwa Kiingereza kwa majina ya Fresh Fish (2005), True Friends (2006) na The Amazing Tree (2009). Viwili vya kwanza vilikuwa vimeshatoka kwa Kijerumani nchini Uswisi kabla ya hapo.

Kinachomtofautisha Kilaka na wachoraji wengi wa Tingatinga si rangi wala wanyama, maana hivyo wote wanavyo. Ni kwamba alichukua picha iliyozoeleka kuuzwa moja moja kwa watalii, akaifanya mfululizo wa picha unaosimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa njia hiyo ngano za wanyama zinazosimuliwa vijijini zilipata kitabu, na mtindo wa Tingatinga ukapata wasomaji watoto.

Maisha

Kilaka alizaliwa kusini-magharibi mwa Tanzania, mbali na Dar es Salaam ambako jina lake lilikuja kujulikana. Ni wa kizazi kilichozaliwa mara baada ya uhuru, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha. Alipokuwa mtoto, nchi ilikuwa ikikazania elimu ya msingi kwa wote na kisomo cha watu wazima. Hata hivyo kusoma kulimaanisha zaidi kitabu cha darasani. Vitabu vya hadithi vyenye picha za rangi vilikuwa haba, na nje ya miji mikubwa karibu havikuonekana. Mtoto wa kijijini alipata hadithi kutoka kwa bibi, babu au jirani mwenye kipaji, kwa kawaida jioni kazi za siku zikishaisha.

Sanaa ya Tingatinga Kilaka aliipata Dar es Salaam. Sanaa hii haina chuo kwa maana ya kawaida. Kijana hukaa karibu na mchoraji mwenye uzoefu, huanza kwa kupaka rangi ya chini kwenye ubao na kusafisha brashi, kisha hupewa sehemu ndogo za kujaza, kama madoadoa ya chui au manyoya ya ndege, mpaka siku anapoachiwa ubao mzima. Wachoraji wengi huishia kuwa hodari wa kurudia picha zinazouzika. Kilaka alichukua njia nyingine, kwa sababu pamoja na kuchora alikuwa msimulizi. Hukusanya hadithi kwa kuwasikiliza wazee, na amesafiri Ulaya mara kadhaa kuzisimulia mbele ya watoto.

Mtindo wa Tingatinga na asili yake ya kusini

Mtindo anaoutumia Kilaka ulianzia Dar es Salaam mwaka 1968, lakini watu walioanzisha walitoka kusini mwa Tanzania, katika eneo linaloanzia pwani ya Kilwa na Lindi na kuingia bara hadi Masasi na Tunduru. Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa miaka ya 1930 katika wilaya ya Tunduru. Baba yake alikuwa Mngindo na mama yake Mmakua. Wangindo ni watu wa bara ya Kilwa, hasa upande wa Liwale, na Wamakua wameenea kutoka Msumbiji hadi Masasi na vijiji vya Lindi.

Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, Tingatinga aliondoka kwao kutafuta kazi. Alifika katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam ambako alifanya kazi mbalimbali, ikiwemo ya bustani katika nyumba ya Mzungu. Alipoanza kuchora alitumia vitu vilivyopatikana dukani kwa bei nafuu: vipande vya hardibodi vilivyokatwa mraba, kwa kawaida sentimita 60 kwa 60, na rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa kwa wageni waliokuwa wakiishi Oysterbay na maeneo ya jirani.

Tingatinga alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi usiku, walipomdhania kuwa mhalifu. Wanafunzi wake wa kwanza, wakiwemo January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata, waliendeleza kazi, na jina la mtu likawa jina la mtindo. Mwaka 1990 wachoraji walianzisha chama chao cha ushirika jijini. Kwa muda mrefu wengi wao walikuwa ndugu, majirani au watu wa kabila moja kutoka Tunduru, Masasi na vijiji vya jirani. Kusema kweli, historia ya Tingatinga ni sehemu ya historia ya watu wa kusini waliohamia mjini.

Je, watu hao walikuja na michoro kutoka kwao? Hapa watafiti hawakubaliani. Wapo wanaotaja desturi ya kuchora kwenye kuta za nyumba. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi na kusafiri hadi Masasi na Newala, wakati nchi ilikuwa haijatulia baada ya Vita vya Maji Maji. Aliona michoro ya ukutani, na pia aliwapa wapagazi na wanakijiji penseli na karatasi, wakachora watu, wanyama na mambo waliyoyaona. Baadhi ya michoro hiyo aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Watafiti wengine wanasema jambo lililomsukuma Tingatinga lilikuwa soko: picha kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam miaka ya 1960, naye akaona kwamba kazi ya namna ile inaweza kumpatia riziki. Maelezo haya mawili hayapingani sana. Mtu anaweza kutoka katika nyumba yenye michoro ukutani na bado akaanza kuchora kwa sababu ya njaa.

Kilaka mwenyewe si mtu wa kusini-mashariki. Aliupokea mtindo huu mjini, ukiwa tayari umetoka mikononi mwa ukoo na kabila na kuwa sanaa ya yeyote aliye tayari kujifunza.

Kutoka ubao hadi ukurasa

Picha ya Tingatinga ya awali ni rahisi kuielewa: mnyama mmoja, au wawili, juu ya rangi moja ya chini. Mara nyingi hakuna ardhi, hakuna upeo wa macho wala kivuli. Chui hatembei kwenda mahali. Amesimama tu, anamtazama mnunuzi. Picha ya namna hii haihitaji maelezo, na ndiyo maana iliuzika kwa watu wasiojua neno la Kiswahili.

Kitabu cha picha kinadai mambo mengine kabisa. Mhusika aliye ukurasa wa kwanza lazima atambulike ukurasa wa mwisho, hata akiwa amekimbia, amelia au ameaibika. Lazima pawe na mahali: nyumba, njia, mto, soko. Lazima muda upite. Tena lazima ibaki nafasi ya maneno, na picha isiseme yote ambayo maneno yamekwisha kuyasema. Mchoraji aliyezoea ubao mmoja anapoingia kwenye kitabu anaweza kujikuta ametoa picha kumi na tano nzuri zisizohusiana.

Kilaka aliutatua ugumu huu kwa kuwavisha wanyama nguo na kuwapa maisha ya kijiji. Wanyama wake husimama kwa miguu miwili, huvaa mashati, suruali na vitambaa vya rangi kali, hupika, huenda sokoni na hukaa kwenye kikao. Vazi na namna ya kusimama humsaidia mtoto kumtambua kila mhusika bila kuambiwa. Mistari mizito, madoa na rangi bapa za Tingatinga zimebaki, lakini sasa zinajaza kijiji chenye miti na nyumba, na wanyama wana hasira, tamaa na haya.

Hakuwa mchoraji wa kwanza wa Tingatinga kusimulia jambo kwa picha. Mohamed Charinda, aliyetoka Tunduru kama Tingatinga mwenyewe, alijulikana kwa mbao zilizojaa watu, ngano na maisha ya kijijini. Lakini ubao wa Charinda unasimulia kwa kuweka mambo mengi mahali pamoja, na mtazamaji anayatafuta kwa macho. Katika kitabu cha Kilaka msomaji hufunua ukurasa, na jambo linalofuata linakuwa limefichwa mpaka afunue. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoleta shauku ya hadithi.

Wanyama waliovaa nguo wana historia ndefu katika vitabu vya watoto duniani. Mfano maarufu unaohusu Afrika ni Babar, tembo aliyebuniwa na Mfaransa Jean de Brunhoff katika kitabu cha mwaka 1931. Mtoto huyo wa tembo anakimbia msituni baada ya mama yake kuuawa na mwindaji, anafika mjini, ananunua suti ya kijani, na anaporudi kwao anafanywa mfalme. Vitabu vya de Brunhoff vilikuwa vikubwa, vyenye picha zinazotanda kurasa mbili, na vilibadilisha sana uchapaji wa vitabu vya watoto Ulaya. Lakini vimelaumiwa pia, kwa sababu ndani yake nguo ni alama ya ustaarabu unaotoka mji wa Kizungu kwenda msituni. Kwa Kilaka hali ni tofauti. Wanyama wake wamevaa tangu mwanzo, kwa sababu ni wanakijiji, na wanakijiji huvaa. Hakuna anayewafundisha kuishi. Mashati yao yanaweza kuwa yameshonwa na fundi cherehani wa barazani au yametoka kwenye rundo la mitumba. Mtoto wa Lindi hahitaji kuelezwa, na mtoto wa Ulaya anaona Afrika ambayo wanyama wake si wa kupigwa picha mbugani.

Vitabu

Fresh Fish, yaani samaki wabichi, ndicho kilichomtambulisha. Sokwe amepata samaki wengi na anataka kuwauza sokoni. Mbwa, ambaye ni mlafi, anawataka samaki hao bila kuwatolea jasho, na anaiba. Wanyama wengine wanaingilia kati, na mwizi anafikishwa mbele ya baraza. Adhabu yake si kipigo wala kufukuzwa: anaamriwa kupanda miti.

Hukumu hiyo inastahili kuangaliwa vizuri. Katika ngano nyingi za wanyama mwizi huishia vibaya: anachomwa, anakatwa mkia au anafia mtegoni, na wasikilizaji hucheka. Kilaka ameweka badala yake adhabu inayofanana na ile ya serikali ya kijiji, ambapo mkosaji hufanya kazi ya manufaa kwa wote. Mbwa anabaki kuwa jirani. Wakazi wa pwani, kuanzia Kilwa Masoko na Kivinje hadi Lindi mjini, wataiona pia hadithi hii kwa jicho la biashara, kwa maana kwao samaki ni mali isiyosubiri. Mchuuzi anayefunga tenga kwenye baiskeli alfajiri anajua kwamba samaki asipouzwa leo, kesho ni wa kukaanga au kukausha, na bei imeshuka. Aliyemwibia Sokwe samaki wabichi amemwibia pia siku yake ya kazi.

True Friends inahusu urafiki wa Tembo na Panya. Panya ni mdogo lakini anajua jambo ambalo wengine hawalijui: kuwasha moto. Wanyama wote wanamtegemea. Ukame unapokaribia, chakula kinawekwa akiba nyumbani kwa Tembo, kwa kuwa nyumba yake ni kubwa. Njaa inapofika, Tembo anakataa kumgawia rafiki yake. Panya anahama, na moto unaondoka naye. Ndipo kijiji kinapogundua kwamba kimempoteza nani.

Kisa hiki kinagusa jambo zito kwa lugha nyepesi. Nchini Tanzania, na hasa mikoa ya kusini iliyowahi kupata njaa kali baada ya Maji Maji, swali la nani anashika ghala si la kitoto. Kilaka halitaji jambo hilo kwa jina. Anaonyesha tu mwenye nguvu aliyeaminiwa kutunza chakula, mwenye ujuzi asiye na nguvu, na jamii inayolazimika kuwapatanisha kwa sababu haiwezi kuishi bila mmoja wao. Kwa wasomaji wengi hiki ndicho kitabu chake kilichokamilika zaidi, kwa sababu hakuna mhusika aliye mbaya kabisa. Tembo ni rafiki wa kweli aliyeshindwa na tumbo.

The Amazing Tree, yaani mti wa ajabu, ni ngano ya ukame pia. Mvua hainyeshi, chakula kimekwisha, na umebaki mti mmoja uliojaa matunda yaliyoiva. Lakini matunda hayaanguki. Ili yaanguke lazima mti uitwe kwa jina lake, na jina analijua Kobe peke yake, naye anaishi mbali. Sungura anajitolea kwenda, lakini wakubwa wanamdharau kwa udogo wake. Wanakwenda wao. Kila mmoja anaambiwa jina, anaanza safari ya kurudi, anajikwaa njiani, na akifika amelisahau. Mwishoni anatumwa Sungura, naye analishika jina: Ntungulu Mengenye.

Hadithi ya mti unaotaka kuitwa kwa jina lake imeenea sana Afrika. Matoleo yake yamesimuliwa kuanzia Afrika ya Kati hadi kusini mwa bara, na waandishi wengine wamewahi kuifanya kitabu cha watoto, kama Celia Lottridge wa Kanada katika The Name of the Tree (1989). Katika matoleo mengi mshindi ni Kobe, anayefika polepole lakini hasahau. Katika kitabu cha Kilaka, Kobe ni mwenye elimu na Sungura ni mwenye kuikumbuka. Ni mabadiliko yenye maana. Sungura wa ngano za pwani kwa kawaida ni mjanja mwenye hila, anayemdanganya Fisi na kumpanda Simba mgongoni. Sungura huyu hamdanganyi mtu. Ushindi wake unatokana na kusikiliza.

Inafaa kutaja kwamba katika toleo la Kiingereza jina la mti limeachwa kama lilivyo. Mtoto anayesomewa kitabu mbali na Afrika anakutana na maneno mageni kwake kabisa, na anajikuta katika hali ile ile ya Tembo na wenzake: anaambiwa jina, ukurasa unafunuliwa, na anajaribu kulikumbuka. Msomaji anaweza kulirudia jina kwa sauti, na wasikilizaji wakaitikia, kama msimulizi anavyosema Paukwa na watoto wakajibu Pakawa. Kilaka ni msimulizi wa mdomo kabla ya kuwa mwandishi, na hapa inaonekana.

Uchapishaji na wasomaji

Njia ya vitabu vya Kilaka hadi kwa msomaji ilipitia Uswisi. Vilitolewa kwa Kijerumani chini ya jina la Baobab, taasisi yenye makao yake Basel ambayo kazi yake ni kuwaletea watoto wanaosoma Kijerumani vitabu vya waandishi na wachoraji kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko. Lengo lake ni kwamba nchi hizo zijieleze zenyewe badala ya kuelezwa na wageni. Baadaye Groundwood ya Toronto, Kanada, ilitoa Fresh Fish na True Friends kwa Kiingereza, na NorthSouth ikatoa The Amazing Tree.

Kwa hiyo miongoni mwa wasomaji wa mwanzo wa vitabu hivi walikuwa watoto wa Uswisi, Ujerumani na Kanada. Hili si jambo la Kilaka peke yake, bali linatokana na hali ya uchapishaji nchini. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966 kama shirika la umma, lakini uchumi ulipodorora miaka ya 1980 karatasi na fedha za kigeni vilikuwa vya shida, na vitabu vya watoto vilikuwa vya kwanza kukosa nafasi. Wachapishaji binafsi waliofuata, kama E & D ya Elieshi Lema na Demere Kitunga, na Mkuki na Nyota iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, walijenga upya fasihi ya watoto kwa Kiswahili. Mwaka huo huo wa 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada kutoka Kanada. Mradi huo uliwafunza waandishi na wachoraji, na uliwanunulia wachapishaji sehemu ya nakala ili zipelekwe shuleni. Bila mpango wa namna hiyo mchapishaji hakuwa na uhakika wa kurudisha gharama.

Kikwazo kikubwa ni rangi. Hadithi ya maneno yenye vielelezo vichache vya wino mweusi huweza kuchapwa kwa bei ambayo mzazi au shule itaimudu. Kitabu cha Kilaka hakiwezi kupunguzwa hivyo. Ukiondoa rangi umeondoa Tingatinga, na ukiondoa Tingatinga umeondoa nusu ya hadithi. Kinahitaji karatasi nzito, rangi kamili kila ukurasa, na kwa soko la nje jalada gumu. Kitabu kilichotengenezwa kwa vipimo hivyo na kuuzwa kwa bei ya Ulaya au Kanada si rahisi kufika katika darasa la shule ya msingi ya Kilwa Kivinje au Mchinga, ambako hadithi zenyewe za Sungura na Fisi zinajulikana vizuri kuliko Basel.

Kuna pia suala la lugha. Toleo la kigeni hupitia mikono ya mfasiri na mhariri, na mengine hubaki njiani: methali, mizaha, na nyimbo fupi ambazo katika usimulizi wa mdomo huwapa wasikilizaji nafasi ya kuitikia. Picha hazihitaji mfasiri. Pengine ndiyo sababu picha za Kilaka zimebeba mambo mengi ambayo mwandishi mwingine angeyaweka katika maneno, kama nani amemkasirikia nani na nani hana chakula.

Tingatinga katika hadithi za watoto baada ya Kilaka

Mwaka 2010 mtindo wa Tingatinga uliingia kwenye televisheni za watoto kupitia Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni za vipindi 52 uliotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC. Katuni hizo husimulia kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kobe ana gamba lenye nyufa, na visa vingine vya asili ya wanyama, kwa kutumia picha za wachoraji wa Tingatinga. Ziliwafikia watoto wengi.

Vitabu vya Kilaka vilitangulia katuni hizo na vina tabia tofauti. Katika katuni wanyama ni wa mbugani, na kisa hueleza jinsi walivyopata maumbo yao. Kwa Kilaka wanyama ni majirani, na kisa huhusu deni, wizi, njaa, kiburi na upatanisho. Vilevile katuni ni kazi ya watu wengi: watayarishaji, waandishi, wachoraji na mafundi wa kompyuta. Katika kitabu cha Kilaka aliyeisikia hadithi ndiye aliyeiandika na kuichora, jambo ambalo bado ni adimu katika fasihi ya watoto Tanzania, ambako kwa kawaida mchapishaji hupokea muswada kwa mwandishi na kumtafuta mchoraji baadaye.

Kazi ya kukusanya hadithi ina uharaka wake. Ngano za Kingindo, Kimatumbi, Kimwera na Kimakonde, sawa na zile za kusini-magharibi alikotoka Kilaka, zimeandikwa kwa sehemu ndogo tu, na nyingi kati ya zilizoandikwa ziko katika vitabu vya wamisionari na wataalamu wa zama za Wajerumani ambavyo msomaji wa Kiswahili hawezi kuvisoma. Wazee wanaozijua kwa ukamilifu, pamoja na nyimbo zake, wanapungua. Kilaka amefanya sehemu ya kazi hiyo kwa njia yake, kwa kuwasikiliza wasimulizi ana kwa ana na kuzirudisha hadithi zao kwa watoto kama vitabu vya picha.